Gavana Schnee, Tabora ya 1916 na wale waliobeba mizigo

Mwangaluka, wasomaji wangu. Toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyeuliza habari za Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Mdachi, yaani Mjerumani, hapa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika jibu lile nilimtaja kidogo tu Heinrich Schnee, gavana wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki wakati huo. Barua zilizofuata karibu zote zinamuuliza huyo gavana. Nimefurahi mno. Miaka yote niliyofundisha historia hapa Tabora niliona wanafunzi wanamjua jenerali, lakini mwanasiasa aliyekuwa juu yake kisheria hawamjui, wakati ofisi zake zilikuwa hapa hapa kwetu. Barua nimezifupisha, na wenyewe wameomba majina yao yasitajwe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Isevya, naendesha bodaboda. Marehemu bibi yetu ameacha kasha, na ndani yake tumekuta sarafu za rangi ya njano zenye taji na herufi T. Mtu mmoja pale sokoni anasema ni dhahabu ya Mjerumani, anataka tumuuzie zote leo leo. Ni dhahabu kweli? (Mjukuu wa Isevya)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa bibi. Picha ulizotuma zinaonekana vizuri. Upande mmoja kuna taji, chini yake D.O.A., kisha mwaka 1916, halafu hiyo T. Upande wa pili pameandikwa 20 HELLER na matawi mawili ya majani. Ukitazama vizuri, mchoro haukukaa katikati barabara, na ukingo mahali pengine ni mnene kuliko pengine. Hiyo si dhahabu. Ni shaba ya njano, hela 20, iliyofuliwa hapa hapa mjini. D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na T ni Tabora.

Sababu ya kufuliwa ni hii. Vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Waingereza zilifunga pwani. Sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza tena kuingia, na zile rupia za fedha zilizokuwa mikononi mwa watu zikafichwa chini ya vitanda na ndani ya vyungu, kwa kuwa hakuna aliyejua kesho atatawala nani. Serikali ikachapa noti za muda, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Watu hawakuzipenda, na mimi siwalaumu. Askari anataka mshahara wake, mwenye mtama anataka malipo anayoweza kuyashika. Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya risasi na ya mizinga yakayeyushwa, zikatoka hela 5 na hela 20 kama hizo za bibi yako.

Dhahabu ilifuliwa pia, lakini ni sarafu nyingine kabisa. Ni ya rupia 15: upande mmoja tai wa Dola ya Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu, na dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Zilifuliwa 16,198 tu. Rupia 15 zilikuwa sawa na Mark 20 za Ujerumani, kwa hiyo mtu mmoja alitembea na pesa nyingi kwenye mfuko mmoja wa kanzu yake. Hizo ndizo watu wa makumbusho na wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania.

Za kwenu hazina bei ya kutisha, maana hela 20 zilifuliwa nyingi sana. Hata hivyo nakusihi: usizisugue kwa mchanga, majivu wala limau ili zing'ae, na usimuuzie mtu anayekuharakisha. Zipigeni picha pande zote mbili, andikeni na jina la bibi na mtaa aliokaa. Sarafu ya Tabora iliyokaa Tabora zaidi ya miaka mia moja katika kasha moja ni ushahidi wa mji wetu.

SWALI: Mwalimu, hapa Kigoma tunaambiwa lile jengo wanaloliita Kaiser House lilijengwa kwa ajili ya mfalme wa Ujerumani. Je, aliwahi kulala pale? (Mama Ntilie wa Mwanga, Kigoma)

JIBU: Hapana, dada yangu. Kaisari Wilhelm wa Pili hakukanyaga kamwe ardhi hii, si Kigoma wala Dar es Salaam. Lakini matayarisho ya ugeni mkubwa yalikuwapo kweli. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na serikali ya Schnee ikapanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huo huo kusherehekea reli hiyo. Wageni walikuwa wameshaanza kuwasili, na vita vikaanza mwezi ule ule. Kwa hiyo masimulizi ya nyumba zilizojengwa kumngoja mfalme, na hapa Tabora yapo pia kuhusu hoteli yetu ya zamani, yanatokana na msisimko wa miezi ile.

SWALI: Nafundisha sekondari huku Urambo. Wanafunzi wangu wameniuliza Schnee alikuwa askari au raia, alitoka wapi na aliishia wapi, na nimeona kwenye vitabu vya shule yumo kwa mstari mmoja tu. Tusaidie. (Mwalimu wa Urambo)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, alikuwa raia, tena mwanasheria. Alizaliwa tarehe 4 Februari 1871 katika mji mdogo wa Neuhaldensleben, mtoto wa jaji. Akasoma sheria, akapata udaktari, na mwaka 1897 akaajiriwa katika idara ya makoloni iliyokuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, Berlin. Mwaka uliofuata alipelekwa Guinea Mpya ya Wajerumani kuwa hakimu, kisha Samoa, alikokuwa naibu wa gavana Wilhelm Solf. Baadaye alikuwa mshauri wa mambo ya makoloni katika ubalozi wa Ujerumani London, kisha akarudi Berlin na kupanda ngazi katika Wizara ya Makoloni hadi ukurugenzi.

Waeleze wanafunzi wako jambo hili, maana ndilo linaloeleza mengine yote: Schnee alikuwa mtu wa mafaili. Magavana wengi waliomtangulia hapa walikuwa wanajeshi. Götzen, aliyezima Maji Maji, alikuwa mwanajeshi. Baada yake alikuja raia, Albrecht von Rechenberg, aliyewahi kuwa konseli Zanzibar na aliyejua Kiswahili. Rechenberg ndiye aliyesukuma reli ije mpaka Tabora, kwa hoja kwamba Wanyamwezi wakipata usafiri watalima na kuuza wenyewe. Masetla walimchukia kwa sababu hiyo. Alipoondoka, mwaka 1912, akateuliwa Schnee, naye akafika wakati reli inaingia Tabora.

Akawa na miaka miwili ya amani tu. Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya, na tarehe 8 manowari ya Uingereza Astraea ikaupiga mizinga mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam. Hapo ndipo ugomvi wake na Lettow-Vorbeck ulipoanza. Kwa sheria ya makoloni, gavana alikuwa juu ya mkuu wa majeshi. Schnee alitaka bandari za Dar es Salaam na Tanga zisipiganiwe, akitegemea mkataba wa Berlin wa 1885 uliotoa nafasi kwa makoloni ya eneo la Kongo na Afrika Mashariki kubaki nje ya vita vya Ulaya. Lettow-Vorbeck, ambaye alikuwa amefika nchini Januari tu, alitaka vita, tena virefu, ili Waingereza walazimike kuleta Afrika askari ambao wangepigana Ufaransa. Novemba 1914 jeshi kubwa kutoka India liliposhuka Tanga, mkuu wa majeshi alipigana kwa dhamana yake mwenyewe, akashinda, na tangu siku hiyo gavana hakuweza tena kumzuia. Nani angesikilizwa, mwenye faili au mwenye ushindi?

Serikali ikahama pwani, kwanza Morogoro, kisha Tabora, ambayo mwaka 1916 ilikuwa makao makuu ya muda ya koloni zima. Mji ulikuwa na reli, boma, karakana, na mashamba ya chakula kuuzunguka. Lakini adui naye alikuja kwa mapana. Waingereza walishuka kutoka kaskazini, Wabelgiji wakatoka Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur. Ulinzi wa Tabora aliachiwa Jenerali Wahle. Mapigano yakawa Itaga na Lulanguru mnamo Septemba, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Gavana hakuwapo tena, alikuwa amekwisha kwenda kujiunga na jeshi la Lettow-Vorbeck upande wa mashariki. Mkewe, Ada, alibaki hapa pamoja na wanawake wengine wa Kijerumani, wakawa mateka. Alipofika Ujerumani aliandika kitabu cha mambo aliyoyaona, kikachapishwa mwaka 1918.

Kutoka hapo Schnee alitembea na jeshi mpaka mwisho: Rufiji, Makonde, wakavuka Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji, wakarudi, wakaishia Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, waliposalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya ilikuwa imekwisha acha kupigana wiki mbili nyuma. Gavana asiyetaka vita alivila vyote, wakati ugomvi wake na jenerali ukiendelea mle mle porini.

Machi 1919 walipita Berlin kwa gwaride. Baada ya hapo maisha yake ya pili yakaanza, na hayo vitabu vya shule haviyagusi. Mkataba wa Versailles uliinyang'anya Ujerumani makoloni yote. Schnee akatumia miaka yake iliyobaki kuyadai yarudishwe. Mwaka 1920 ilitoka kamusi kubwa ya makoloni, juzuu tatu, yeye akiwa mhariri. Mwaka 1924 akachapisha Die koloniale Schuldlüge, kitabu cha kukanusha kwamba Wajerumani walitawala vibaya. Mwaka huo huo akaingia bungeni kwa chama cha DVP (Chama cha Watu wa Ujerumani), akakaa humo hadi 1932, na tangu 1930 aliongoza Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Mwaka 1932 Shirikisho la Mataifa lilimteua awe mmoja wa wajumbe watano wa Tume ya Lytton iliyochunguza Japani ilivyoiteka Manchuria, eneo la China. Mwaka 1933 akaenda upande wa Hitler, akarudi bungeni katika orodha ya chama cha Nazi. Alikufa Berlin tarehe 23 Juni 1949 katika ajali ya gari, umri wake miaka 78.

SWALI: Babu yetu wa Ujiji alikuwa akisema amezaliwa "wakati wa Mbelgiji". Mwalimu wetu anasema Tanganyika ilitawaliwa na Mjerumani na Mwingereza basi, Mbelgiji ni wa Burundi. Nani mkweli? (Mwana wa Ujiji)

JIBU: Babu yako mkweli. Wabelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916. Siku chache kabla, Wajerumani walikuwa wameizamisha kwa makusudi meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na mdomo wa Malagarasi. Ndiyo Liemba ya leo, Waingereza waliiibua baadaye. Tabora Wabelgiji waliikabidhi kwa Waingereza mwanzoni mwa 1917, lakini Kigoma na Ujiji hawakuziachia mpaka Machi 1921. Mtoto aliyezaliwa Ujiji kati ya miaka hiyo alizaliwa chini ya bendera ya Ubelgiji.

Waliolimaliza jambo hilo ni wanasiasa wawili, Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, waliokubaliana mwaka 1919 kwamba Ruanda na Urundi zibaki kwa Wabelgiji na Kigoma irudi upande wa Tanganyika. Wabelgiji hawakutoka mikono mitupu: walipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, mizigo ya Kongo ipite bila ushuru. Eneo lile liliitwa Belbase. Hakuna Muha, Mnyarwanda wala Mrundi aliyeulizwa. Ukipata wazee waliosikia kwa wazazi wao habari za miaka ile mitano, kaa nao na uandike, maana vitabu vyetu vinairuka.

SWALI: Mwalimu, nimesoma mahali kwamba Schnee alipinga vita, alikuwa mtu mpole na mjenzi wa shule na reli, na kwamba aliyeiangamiza nchi ni Lettow-Vorbeck. Kama ni hivyo, kwa nini Tabora isimwekee hata kibao? Wenzetu wanaingiza watalii kwa vitu vidogo kuliko hivyo. (Mpenda Historia, Nzega)

JIBU: Barua yako imenikalia moyoni, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Ni kweli hakutaka vita. Ni kweli pia alikuwa na haya ya kisheria ambayo jenerali hakuwa nayo. Lakini jiulize aliogopa nini. Alikuwa gavana wa nchi ambayo miaka michache nyuma kusini yake yote ilikuwa imeinuka katika Maji Maji, na Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, huku wanahistoria wetu wakifika mpaka 300,000. Alijua kwamba utawala wake unategemea maakida, polisi na kiboko. Alihofu kwamba wazungu wakianza kuuana mbele ya watu, watu watainuka tena. Amani aliyoitaka ilikuwa amani ya kuendelea kutawala.

Na utawala wenyewe, katika miaka yake miwili ya utulivu, ulikuwaje? Mahakama za wilaya zilitoa maelfu ya hukumu za viboko kila mwaka. Wazee wetu waliita hamsa ishirini, viboko 25, na neno hilo lilikuwa bado midomoni mwao nilipokuwa mtoto. Schnee hakukomesha.

Utumwa nao haukukomeshwa. Hili linatuhusu sana sisi wa Tabora, maana wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa zenye watumwa wengi kuliko zote. Amri ya Kijerumani ya Desemba 1904 ilisema watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wazazi wao wakabaki mali ya mtu. Bunge la Berlin lilipotaka utumwa ufutwe kabisa ifikapo mwaka 1920, utawala wa Schnee ulipinga, kwa hoja ya gharama ya fidia na hofu ya vurugu. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, na aliyefuta alikuwa Mwingereza. Mtu aliyeandika kitabu kizima kukana kwamba nchi yake ilitawala vibaya alikuwa na mafaili haya mezani pake. Alijua.

Halafu njoo kwenye vita vyenyewe. Alivipinga mwanzoni, lakini vilipoendelea, serikali yake ndiyo iliyovilisha. Jenerali alipotaka mtama, maboma yalikwenda kuuchukua vijijini. Alipotaka wapagazi, maakida na majumbe waliamriwa kuwaleta. Bila mashine hiyo ya kiraia, na mkuu wake alikuwa Schnee, Lettow-Vorbeck asingefika popote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa walioletwa. Alikuwa kijana wa Sikonge, na mchana mmoja jumbe alikuja na askari wawili, wakachagua vijana kama mtu anavyochagua ng'ombe wa mnada. Alibeba sanduku la risasi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 mpaka 30, na chakula chako unakibeba juu yake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniruhusu kugusa bega lake la kulia: palikuwa na sugu pana, ngumu kama kisigino, na ngozi yake haikuota nywele tena. Alisema aliyeanguka njiani alivuliwa mzigo, akapewa mwingine, na safari ikaendelea. Nilipomuuliza gavana alikuwa nani, hakujua jina lake. Alimjua jumbe, na aliwajua wale askari wawili.

Upande wa Waingereza waliandika vifo vya wapagazi wao, na hesabu yao inakaribia 95,000. Upande wa Wajerumani hakuna daftari la namna hiyo. Na waliokufa nyumbani kwa njaa baada ya majeshi kupita na kuchota ghala? Ugogo njaa ya Mtunya iliyoanza mwaka 1917 ilimaliza familia nzima nzima, kwa sababu nafaka na ng'ombe walikuwa wamechukuliwa na pande zote mbili na mvua ikakosekana. Gavana aliporudi kwao, vitabu vyake vilisimulia uaminifu wa askari na wapagazi kama ushahidi kwamba Waafrika walimpenda Mdachi. Nimesikia hoja hiyo ikirudiwa mpaka leo na wageni wanaokuja kupiga picha boma letu. Babu yangu hakubeba sanduku kwa mapenzi. Alibeba kwa sababu ya bunduki ya askari, na baadaye kwa sababu alikuwa mbali sana na kwao, katika nchi yenye njaa, na kukimbia peke yake kulikuwa kufa.

Kwa hiyo kibao kiwekwe, nakuunga mkono kabisa. Lakini kisiwe cha Schnee. Dar es Salaam pana mnara wa Askari, tangu 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mnara ule uliwekwa na Waingereza kwa ajili ya vita vyao. Wapagazi waliochukuliwa Unyamwezi kumbebea Mdachi hawana hata jiwe.

Mimi ningekiweka kituo cha reli, ambako abiria wa Kigoma na wa Mwanza wanakaa saa nyingi wakingoja treni na wana muda wa kusoma. Kingesema kwamba mwaka 1916 mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni chini ya gavana Heinrich Schnee, kwamba karakana yake ilifua sarafu za shaba na za dhahabu, kwamba Wabelgiji waliuteka tarehe 19 Septemba baada ya mapigano ya Itaga. Jina la gavana litosheke na mstari huo mmoja. Sehemu kubwa ya kibao ingeachwa kwa majina ya wapagazi, kijiji kwa kijiji: Sikonge, Ipole, Usoke, Urambo, Nzega. Najua majina mengi yamepotea, lakini si yote. Kila ukoo wa hapa una mzee aliyeambiwa na baba yake fulani alikwenda na vita hakurudi. Wewe wa Nzega anza na wa kwenu, uniletee kupitia ukurasa huu: jina, kijiji, alibeba nini, alifika wapi kama inajulikana. La babu yangu nimeshaliandika.